Nani Amekuruhusu? Plugini za Tovuti na Swali Lisiloulizwa

 

Mwezi Novemba 2024 watunzaji wa tovuti duniani walipata habari ya kutisha. Plugini, yaani programu ya nyongeza, iitwayo Really Simple Security, iliyokuwa ikitumika katika tovuti zaidi ya milioni 4 zinazoendeshwa kwa WordPress, ilikutwa na kasoro iliyomwezesha mtu yeyote, akiwa popote, kuingia katika tovuti kama msimamizi mkuu bila kujua nenosiri. Kazi ya plugini hiyo ni ulinzi. Na kasoro yenyewe ilikuwa katika sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili, ile inayomtaka mtu aliyekwisha kuandika nenosiri athibitishe tena kwamba ndiye. Waliowasha kinga hiyo ndio waliokuwa hatarini. Ambao hawakuiwasha walisalimika.

Tukae kidogo na mkasa huu, maana ndani yake yamo karibu yote niliyokuja kuyasema. Plugini ilikuwa na kipande cha msimbo cha ukaguzi. Ombi likifika, kipande hicho kilitazama namba ya mtumiaji iliyotajwa, kisha kikatazama alama ya siri ya muda anayopaswa kuwa nayo mtumiaji huyo. Alama isipolingana, kilirudisha jibu la kukataa. Hadi hapo kazi imefanyika sawasawa. Lakini kipande kilichofuata hakikulisoma jibu hilo. Kilipewa "hapana", kikaendelea na safari yake, kikamwingiza mgeni kwa jina la mtumiaji ambaye mgeni mwenyewe alimtaja. Mara nyingi mtumiaji namba 1 ndiye aliyeianzisha tovuti, yaani msimamizi. Mvamizi alitakiwa kutaja namba hiyo na kuambatanisha alama yoyote ya kubuni, basi. Toleo la 9.1.2 lilirekebisha kosa, na hali ilikuwa nzito kiasi kwamba wasimamizi wa ghala la plugini la WordPress walilisukuma rekebisho hilo katika tovuti za watu bila kusubiri wenyewe wabonyeze kitufe.

Aliyeandika msimbo ule hakuwa mzembe wa kusahau ulinzi. Alikagua. Kilichokosekana ni kuhakikisha kwamba jibu la ukaguzi lina nguvu ya kusimamisha kazi. Ndiyo maana nasema udhaifu wa ruhusa ni jambo la kufikiriwa kwa namna yake, mbali na habari za virusi na manenosiri ambazo tumezoea kuzisikia. Taasisi ya OWASP, inayoorodhesha hatari kubwa za programu za mtandaoni, ilipotoa orodha yake ya 2021 iliupandisha udhaifu huu kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza.

Kwa nini plugini hasa? WordPress ilianza mwaka 2003 kama chombo cha kuandikia, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote. Nguvu yake ni kwamba mtu asiye mtaalamu anaweza kuiongezea uwezo: fomu ya kujiunga na shule, malipo ya duka, kalenda ya vyumba vya hoteli. Kila nyongeza ni plugini, na ghala rasmi lina takribani 60,000 za bure. Wengi hawajui kwamba plugini ikishawashwa, msimbo wake unapata uwezo uleule wa WordPress yenyewe. Unaisoma hifadhidata yote, unaandika mafaili, unaunda watumiaji. Hakuna ukuta kati ya plugini ya kuonyesha picha na orodha ya wateja wako. WordPress imetoa zana nzuri za kuuliza ruhusa, lakini ni juu ya kila mwandishi wa plugini kukumbuka kuzitumia, katika kila mlango anaoufungua, kila mara.

Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni: wewe ni nani? La pili: una ruhusa ya kufanya hili unalotaka kulifanya? Fikirieni hospitali. Getini mlinzi anakuuliza unakwenda kumwona nani, anakuruhusu kupita. Sasa kama mtunza ghala la dawa naye anakabidhi dawa kwa kila anayefika dirishani, kwa hoja kwamba amekwisha kuulizwa getini, dawa zitakwisha kabla ya jua kuzama. Kupita getini hakukupi haki ya ghala. Katika tovuti ya duka, mteja aliyejiandikisha na meneja wa duka wote wameingia kwa nenosiri halali, na plugini inayoridhika na hilo imemkabidhi mteja funguo za meneja.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kudhani kwamba kitufe kisichoonekana hakiwezi kubonyezwa. Mwandishi anaweka kitufe cha "Hifadhi mipangilio" katika ukurasa ambao msimamizi peke yake anauona, anaamini kazi imekwisha. Lakini kitufe hakina kazi nyingine ila kutuma ombi kwa seva, na ombi hilo mtu anaweza kulitunga mwenyewe kwa programu ndogo, bila kuuona ukurasa wala kitufe. Seva haijui ombi limetoka wapi. Inajua kilichoandikwa ndani yake, na kama haiulizi ruhusa wakati wa kutenda, itatenda.

Hayo ndiyo yaliyotokea Novemba 2018 kwa plugini ya WP GDPR Compliance. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeanza kutekeleza sheria yake ya faragha mwezi Mei mwaka huo, na tovuti zaidi ya 100,000 zilifunga plugini hiyo ili kutimiza masharti. Ndani yake kulikuwa na mlango wa kuhifadhi mipangilio uliofanya kazi hata kwa mgeni asiyeingia, na haukuangalia ni mipangilio ipi inayobadilishwa. Wavamizi walibadilisha mambo mawili tu. Walifungua usajili wa watumiaji wapya, kisha wakaamuru kwamba kila anayejisajili awe msimamizi. Baada ya hapo wakajisajili kama mtu mwingine yeyote, kupitia fomu ya kawaida, mchana kweupe. Wengine waliirudisha mipangilio kama ilivyokuwa, ili mwenye tovuti asigundue na wavamizi wenzao wasipite. Rekebisho lilikuja katika toleo la 1.4.3. Ila rekebisho hufunga mlango. Halimtoi aliyekwisha kuingia. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu nimewaona watu wakilala usingizi mzito baada ya kusasisha, na huku msimamizi wasiyemjua yuko ndani.

Vijana mnaoandika msimbo, nina maneno mahususi kwenu. WordPress ina kazi iitwayo is_admin. Jina lake limewaponza wengi. Haiulizi kama mtumiaji ni msimamizi. Inauliza kama ombi linaelekea upande wa usimamizi wa tovuti. Mgeni kabisa anaweza kutuma ombi kwa faili la admin-ajax.php, ambalo linahesabiwa kuwa upande huo, na jibu likawa ndiyo. Tukio la admin_init nalo huamka kwa ombi la mgeni kwenye faili hilohilo; mwezi Machi 2019 plugini ya Easy WP SMTP, yenye tovuti zaidi ya 300,000, ilivamiwa kwa sababu iliweka kazi ya kuingiza mipangilio juu ya tukio hilo bila kuuliza zaidi. Kazi sahihi ya kuuliza ni current_user_can, na iulizwe kwa uwezo unaohusika: je, huyu anaweza kubadilisha mipangilio? Je, anaweza kuhariri andiko hili lenye namba hii?

Tena kuna ile alama ya muda ambayo WordPress huiweka kwenye fomu na viungo. Kazi yake ni kuzuia tovuti ya adui isimtumie msimamizi, bila yeye kujua, kutuma ombi asilolikusudia. Alama hiyo inaishi kwa muda usiozidi siku moja, na mara nyingi huchapishwa katika ukurasa ambao kila mgeni anausoma. Maelezo rasmi ya WordPress yanasema wazi kwamba isitegemewe kamwe kwa udhibiti wa ruhusa. Hata hivyo nimesoma plugini nyingi ambazo ukaguzi wake wote ni alama hiyo. Vinatakiwa vyote viwili, alama na swali la ruhusa, na kimoja hakizibi pengo la kingine.

Udhaifu mwingine ni wa namba. Mteja amelipa, anaonyeshwa ukurasa wa oda yake, na juu kwenye anwani ya ukurasa anaona namba. Anaibadilisha kwa tarakimu moja, na mbele yake inatokea oda ya mtu mwingine, na jina lake na mahali anapoishi. Mwaka 2023 plugini ya kupokelea malipo kwa huduma ya Stripe katika maduka ya mtandaoni ya WooCommerce, yenye tovuti zipatazo 900,000, ilikutwa na kasoro ya jamii hii: mtu asiyeingia aliweza kupata majina, barua pepe na anwani kamili za wateja. Hapa hakuna aliyepanda cheo kuwa msimamizi, na pengine ndiyo sababu kasoro za namna hii hazitikisi watu. Mimi zinanitikisa. Mwanamke aliyehama mtaa kumkimbia mtu anayemtishia hana faida na habari kwamba seva ya duka iko salama, ikiwa anwani yake mpya inasomeka kwa kubadilisha tarakimu. Kila rekodi ina mwenyewe, na msimbo unapoitoa hauna budi kuuliza: anayeomba ndiye mwenyewe?

Nizungumzie na orodha za makatazo. Plugini ya Ultimate Member hutumika kusajili wanachama, na mwaka 2023 ilikuwa katika tovuti zipatazo 200,000. Fomu yake ya kujiunga ilipokea taarifa nyingi za mtu, na waandishi walijua hatari iliyopo: WordPress huweka cheo cha mtumiaji katika taarifa hizohizo, chini ya jina wp_capabilities. Basi wakatunga orodha ya majina yaliyokatazwa, na jina hilo likiwamo. Wavamizi wakaliandika jina kwa kupachika alama juu ya herufi a. Orodha ikaliona kuwa ni jina jingine, ikaliruhusu; hifadhidata, ambayo haitofautishi herufi hizo, ikalipokea kuwa ni lilelile. Mgeni akajisajili akiwa msimamizi. Waandishi walitoa marekebisho kadhaa ambayo hayakutosha, hadi toleo la 2.6.7 mwanzoni mwa Julai, na wakati huo wote mashambulizi yalikuwa yakiendelea. Anayeorodhesha mabaya anashindana na ubunifu wa dunia nzima. Fomu ya usajili inahitaji jina, barua pepe na nenosiri. Orodhesha hayo, kataa mengine yote.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa chuo cha MIT waliandika kanuni za kulinda taarifa ndani ya kompyuta. Walisema uamuzi wa awali uwe kukataa, na ruhusa itolewe kwa sababu inayojulikana. Walisema kila jaribio la kugusa kitu likaguliwe, bila kutegemea ukaguzi wa jana. Walisema kila mtumiaji na kila programu ipewe uwezo wa chini unaotosha kazi yake. Karibu nusu karne baadaye, sijui kasoro hata moja kati ya hizi nilizozitaja ambayo haikuvunja mojawapo ya kanuni hizo tatu.

Wakati mwingine swali linaulizwa, ila jibu sahihi linabahatishwa kwa urahisi. Plugini ya LiteSpeed Cache, yenye tovuti zaidi ya milioni 5, ilikuwa na kazi ya kujifanya mtumiaji fulani ili kutayarisha kurasa mapema, ikilindwa na neno la siri lililozalishwa na mashine. Agosti 2024 ilitangazwa kwamba neno hilo lingeweza kuwa moja tu kati ya milioni 1. Kwa binadamu hiyo ni idadi kubwa. Kwa kompyuta inayojaribu mara chache kila sekunde, ni kazi ya siku kadhaa, na zawadi yake ni usimamizi wa tovuti. Mtafiti John Blackbourn, aliyeigundua, alilipwa dola 14,400 kupitia mpango wa kampuni ya Patchstack.

Sasa niwageukie wenye tovuti, ambao hawataandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Hali yetu naijua. Shule, sacco, kanisa, nyumba ya wageni kule Paje au Diani, huajiri fundi wa tovuti kwa kazi ya mwezi mmoja. Fundi anafunga plugini nyingi, nyingine za kujaribia tu, anajiachia akaunti ya msimamizi, analipwa, anaondoka. Miaka mitatu baadaye hakuna anayejua nenosiri liko kwa nani. Zaidi ya hapo, plugini za kulipia wakati mwingine hutolewa kwenye tovuti zinazogawa nakala zilizovunjwa leseni. Hizo nakala hazipati masasisho, na nyingi zina mlango wa siri uliopandwa na aliyezivunja. Fundi aliyekupunguzia gharama kwa njia hiyo amekuuzia tovuti yenye mwenyeji mwingine ndani.

Anzeni kwa kuhesabu. Ingieni katika ukurasa wa plugini, na kwa kila moja mtaje kazi inayofanya leo. Isiyo na kazi ifuteni. Kuizima hakutoshi, kwa sababu mafaili yake yanabaki kwenye seva na baadhi yanaweza kuitwa moja kwa moja. Iliyobaki, tazameni ilisasishwa lini na kama aliyeitengeneza bado anaitunza. Kisha nendeni kwenye orodha ya watumiaji, muwachuje wasimamizi. Mwalimu anayepandisha matangazo anatosha kuwa mhariri. Fundi aliyemaliza kazi hana haja ya akaunti. Jina ambalo hakuna anayelitambua lichukuliwe kuwa ni uvamizi hadi ithibitike vingine. Katika mipangilio ya jumla, kama tovuti haihitaji wageni kujisajili, ondoeni alama ya kuruhusu usajili, na mhakikishe cheo cha kuanzia ni kile cha chini kabisa.

Kuhusu kusasisha, najua hofu iliyopo: "tulisasisha, tovuti ikavunjika." Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni nakala ya akiba iliyohifadhiwa nje ya seva na kujaribiwa kama inarudishika. Tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, WordPress inakuwezesha kuwasha masasisho ya plugini yanayojiendesha. Yawasheni. Wavamizi husoma tangazo la rekebisho siku ileile linapotoka, wanalilinganisha na toleo la zamani, wanajua kasoro ilikuwa wapi, wanaanza kutafuta waliochelewa. Pale ambapo rekebisho bado halijatolewa, zimeni plugini, au tumieni huduma ya kuchuja maombi mbele ya tovuti. Uchujaji huo ni wa kununua muda tu.

Tovuti ikishavamiwa, kusasisha ni hatua moja tu katika mfululizo mrefu. Kwanza wafuteni wasimamizi wageni, badilisheni manenosiri yote na funguo za siri zilizo katika faili la wp-config ili kila aliyeingia atolewe, linganisheni mafaili na nakala halisi, chunguzeni kazi zilizopangwa kujiendesha. Mara nyingi ni salama zaidi kurudisha nakala ya kabla ya uvamizi, mkasasisha hapohapo kabla ya kuifungua kwa umma. Kama taarifa za watu zimeguswa, waambieni watu hao. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inataka kamishna ajulishwe ndani ya saa 72, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, mzazi aliyeandika namba yake ya simu na maradhi ya mtoto wake kwenye fomu ya shule anastahili kusikia kutoka kwenu kabla hajasikia kutoka kwa tapeli.

Na vijana, kuna kazi hapa ambayo haihitaji mtaji. Msimbo wa kila plugini iliyo katika ghala rasmi uko wazi kusomwa na yeyote, na watafiti wengi wanaogundua kasoro hizi wanafanya hivyo kwa kusoma tu, kwa subira. Fanyeni majaribio kwenye tovuti mliyoijenga katika kompyuta yenu wenyewe. Kujaribu kwenye tovuti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na ni kumkosea mwenye tovuti hata pasipo sheria. Mkiona kasoro, msiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Mwandikieni mtengenezaji, au pelekeni kwa Patchstack au Wordfence, ambao hupokea taarifa kama hizi na kuzifuatilia hadi rekebisho litoke. Leo usiku chukueni plugini moja inayotumiwa na shule yenu au duka la nyumbani. Tafuteni ndani yake kila palipoandikwa wp_ajax_nopriv, yaani mlango ulio wazi kwa mgeni asiyeingia, na kila palipoandikwa permission_callback, yaani mahali pa kuulizia ruhusa, mlifuate ombi hatua kwa hatua mpaka linapoigusa hifadhidata, na mwandike pembeni ni mstari upi uliouliza ruhusa.